Si Azime Simu Tu?

Habari ya mtu aliyeandamwa mtandaoni ikifika barazani, swali moja hutangulia mengine yote: si azime simu tu? Huuliza mzazi ambaye binti yake hataki kurudi shule kwa sababu ya picha iliyozungushwa kwenye grupu la darasa. Huuliza mume anayeona mkewe hali wala halali kwa sababu ya komenti za watu wasiomjua. Huuliza hata askari wa zamu anayepokea malalamiko na asione kosa liko wapi. Wanaouliza hivyo si watu wasio na huruma. Wanaona kioo kidogo cha mkononi chenye kitufe pembeni, na hawaelewi ni vipi maneno yaliyo ndani ya kioo hicho yamlaze mtu kitandani. Swali lao linastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu ndani ya jibu ndimo tunamoona ukatili wa mtandaoni unakotoka na mahali unapoweza kuzuiwa. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba kinachoumiza kuliko tusi lenyewe, na kuliko aliyelitoa, ni hadhira. Anayeandamwa anaweza kuzima simu yake. Simu za majirani, za wanafunzi wenzake na za wafanyakazi wenzake zinabaki zinawaka, na yeye anajua.

Ukatili huu ni upi hasa

Dan Olweus, mwanasaikolojia wa Norway aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, aliweka vipimo vitatu ambavyo vinatumika hadi leo: mwonevu anakusudia kuumiza, anarudia, na ana nguvu kuliko anayeonewa. Ugomvi wa watoto wawili wenye ubavu sawa haumo. Vipimo hivyo vinafaa hata mtandaoni, ila kila kimoja hubadilika sura. Nguvu si misuli tena. Mwenye wafuasi laki mbili akimtaja kwa ubaya mwenye wafuasi mia, ubavu wao haulingani hata kidogo. Na aliyeshika picha ya faragha ya mwenzake anamtawala hata kama yeye hana mfuasi hata mmoja. Kurudia nako hakuhitaji mtu yuleyule arudi kesho. Anaposti mara moja, wengine mia wanasambaza, kila mmoja mara moja tu, na kila mmoja akiamini hajamfanyia mtu jambo kubwa. Anayeandikwa ndiye anayeyapokea yote mia na moja.

Kwa hiyo nikisema uonevu wa mtandaoni, nina maana ya kumwandama mtu kwa makusudi kupitia simu au kompyuta mpaka ashindwe kujitetea. Nikisema ukatili wa mtandaoni, nachukua eneo pana zaidi, hata tendo la mara moja likiwa limekusudiwa kumdhuru mtu. Sura zake tunazokutana nazo mara nyingi ni hizi:

- kumtukana, kumtishia au kumzushia mtu hadharani;
- kuanika picha au video zake za faragha, au kumdai fedha ili zisitoke;
- kutoa namba yake ya simu au mahali anapoishi ili wengine wamsumbue;
- kufungua akaunti feki kwa jina lake;
- kutengeneza picha zake za uchi za bandia kwa akili mnemba, yaani programu zinazoweza kubuni picha ya jambo ambalo halikutokea;
- kumtoa kwenye grupu na kumjadili akiwa hayupo, jambo ambalo watu wazima hulidharau na watoto huliogopa sana.

Wanaofanya haya ni nani?

Tukiulizwa, wengi wetu tunamfikiria mtu mwenye roho mbaya aliyejificha nyuma ya jina la bandia. Watu hao wapo, na baadhi yao ni hatari kwelikweli. Lakini hawafiki idadi ya kueleza komenti elfu nne zinazomiminika chini ya picha moja usiku mmoja. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, Marekani, walilipima jambo hili. Waliwagawa watu kwa bahati nasibu, wakawapa wengine mtihani mwepesi na wengine mgumu wa kukera, kisha wakawaalika wote watoe maoni chini ya habari. Baadhi walikuta maoni ya kistaarabu yametangulia, baadhi wakakuta kejeli na matusi. Kati ya waliotoka kwenye mtihani mwepesi na kukuta ustaarabu, kama 35 kwa kila 100 waliandika maneno ya kuudhi. Kati ya waliokerwa na mtihani kisha wakakuta matusi, walifika 68. Tabia za watu katika makundi yote zilikuwa za kawaida tu. Kilichotofautiana ni siku waliyokuwa nayo na maneno waliyoyakuta mbele yao.

Mwanasaikolojia John Suler alikuwa ameshaeleza mwaka 2004 kwa nini mtu mpole hukaza maneno akishika kompyuta. Haonekani, na yeye haoni. Ana kwa ana, uso wa mwenzako unapoanza kubadilika, ulimi wako hurudi nyuma wenyewe. Mtandaoni uso huo haupo. Jibu halirudi papo hapo, kwa hiyo mtu anatupa neno na kwenda zake. Na hakuna mkubwa aliyekaa pale: mwalimu, shehe, bosi na mtoto wa darasa la saba, wote ni jina na picha ndogo ya duara. Heshima ambayo jamii zetu zimeijenga kwa shikamoo, kwa kupisha njia na kwa kuinamisha sauti inakosa mahali pa kushika.

Ongeza juu ya hayo utamu wa kuwa wa kundi. Tanzania ililiona jambo hili waziwazi enzi za timu za Instagram, mashabiki wa watu maarufu walipojigawa Timu Diamond na Timu Kiba, Timu Wema na Timu Zari. Ndani ya timu, kumchamba mtu wa upande wa pili hakukuhesabiwa utovu wa adabu. Kulikuwa ushahidi wa mapenzi, na aliyechamba kwa ustadi zaidi alipata laiki nyingi zaidi. Mtu ambaye mtaani hawezi kumkosea jirani yake neno alijikuta akiandika juu ya mtoto mchanga wa msanii maneno ambayo asingeyasoma kwa sauti mbele ya mama yake. Timu hizo zimepoa, lakini mazoea yake yamehamia kwenye siasa, mpira na dini.

Kuna wanaosema dawa ni kumlazimisha kila mtu atumie jina lake halisi. Hoja hii ina mvuto, na Korea Kusini iliijaribu. Mwaka 2007 sheria ililazimisha tovuti kubwa kuhakiki utambulisho wa watoa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi, yaani wezi wa taarifa za kompyuta, walichota taarifa za watu wapatao milioni 35 kutoka kwenye mitandao miwili ya nchi hiyo, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, ikisema hapakuwa na ushahidi kwamba matusi yalipungua kwa kiasi cha maana. Huku kwetu, laini za simu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu zoezi lililofikia tamati Januari 2020, na watu hawajaacha kutukanana. Fungua ukurasa wowote wenye ugomvi leo utawakuta watu wakitukana kwa majina yao kamili, picha zao za harusi zikiwa juu kabisa. Jina la bandia humsaidia mhalifu kukimbia polisi. Wale wengine maelfu hawaoni kwamba wana la kukimbia.

*Kwa kifupi:* wengi wanaoshiriki ukatili wa mtandaoni ni watu wa kawaida, siku imewaharibikia, hawamwoni wanayemwumiza, na wamewakuta wengine wameshaanza.

Hasira ina soko

Ingekuwa dhuluma kuwabebesha watumiaji lawama yote, kwa sababu uwanja wenyewe umeinamishwa. Mitandao hupanga kitakachokutangulia machoni kwa algoridhimu, yaani kanuni za hesabu zinazokadiria ni chapisho gani litakufanya ukae zaidi, maana kukaa kwako ndiko kunakouzwa kwa watangazaji. Kuanzia 2017 Facebook iliipa kila emoji ya hisia, ukiwemo uso wa hasira, uzito mara tano wa laiki ya kawaida. Watafiti wa kampuni hiyohiyo walikuja kubaini kwamba machapisho yaliyovuta nyuso nyingi za hasira yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba uongo na maneno ya sumu. Uzito wa uso wa hasira ulishushwa hadi sifuri mwaka 2020. Kwa miaka mitatu, basi, kumkasirisha mtu kulilipa kuliko kumfurahisha kidogo, na watu walijifunza somo hilo bila kufundishwa.

Kisha kuna suala la lugha, ambalo msomaji wa Kiswahili anapaswa kulichukulia kwa uzito. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwasilisha Facebook matangazo ya majaribio yenye chuki ya wazi, kwa Kiingereza na Kiswahili, ili kuona kama yatazuiwa. Yale ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni kwa kukiuka masharti ya sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa, nayo yakapita. Mashirika hayo yaliyaondoa kabla hayajamfikia msomaji yeyote. Mizania iliyoona kosa la sarufi na isione mwito wa kuua ni mizania mbovu. Anayetukanwa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mtaani inayobadilika kila mwezi, analindwa na mtambo usioelewa alichoambiwa.

Kwa nini inauma hivyo

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walimlaza kila mshiriki ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kumpa mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira na wawili wengine. Baada ya muda wale wawili wakaacha kumrushia. Ubongo ulionyesha shughuli katika eneo ambalo pia huhusika na adha ya maumivu ya mwili. Haina maana kwamba kutengwa ni sawa na kuvunjika mkono, lakini ina maana kwamba anayesema "imeniuma" hatii chumvi. Jaribio lililofuata linatugusa zaidi. Washiriki waliambiwa mapema kwamba wanaocheza nao si watu, ni kompyuta tu. Bado waliumia. Kama mtu huumia kwa kutengwa na mashine, ushauri wa kwamba "hao ni watu usiowajua, wapuuze" hauna pa kusimama. Binadamu ameumbwa kufuatilia nafasi yake kati ya wenzake, na ufuatiliaji huo hauna kitufe.

Pwani tumekuwa na njia zetu za kusutana, na inafaa kuzilinganisha na haya. Mipasho ya taarabu ilimchoma mtu, na kanga iliyovaliwa makusudi ilifika mlangoni pa aliyekusudiwa. Lakini fumbo halikutaja jina. Anayelengwa aliweza kujifanya hakusikia, au kujibu kwa kanga yake, na aliyesuta aliweza kukana. Waliosikia ni wa mtaa huo, wanaomjua huyo mtu pia kwa wema wake, waliokula pilau kwake Idi iliyopita. Jambo likizidi, wazee waliita pande mbili wakaamua, likaisha. Mtandaoni jina limetajwa, picha imebandikwa, wanaosoma hawamjui kwa lolote lingine, na hakuna siku ambayo jambo linatangazwa kuwa limeisha. Skrinishoti ya miaka sita iliyopita inaweza kurudi asubuhi ya usaili wa kazi.

Hapo ndipo hisia huchukua mkondo wake, na kwa waathirika wengi hufuatana kwa namna inayofanana. Kwanza mshtuko, na mkono usioweza kuacha kufungua simu kuona imefika wapi. Huyu tunayemwambia aizime anaifungua kila dakika tatu, kwa sababu kutojua kunatisha kuliko kujua. Kisha aibu, na aibu ni tofauti na hatia. Mwenye hatia anasema nimefanya kosa. Mwenye aibu anasema mimi ndiye kosa. Hatia humtuma mtu kuomba radhi, aibu humtuma kujificha. Kisha shaka juu ya kila mtu: mwenye duka aliyetabasamu, ameiona? Wale waliocheka kwenye daladala, walikuwa wanacheka nini? Usingizi unakatika, chakula kinakosa ladha, masomo na kazi vinashuka. Katika kura ya UNICEF ya mwaka 2019 iliyowafikia vijana zaidi ya 170,000 katika nchi 30, zaidi ya theluthi moja walisema wameonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema aliwahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Wengine hufika mahali pa kutaka kujidhuru, na mtu akitamka hilo, hata kwa mzaha, hapaswi kuachwa peke yake.

Wanawake hulipa zaidi. Pollicy, taasisi yenye makao Kampala, iliwahoji wanawake zaidi ya 3,000 katika nchi tano za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na mwaka 2020 ikaripoti kwamba zaidi ya robo yao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mtandaoni. Mwaka 2021 Umoja wa Mabunge Duniani ulitoa majibu ya wanawake 224 wa nchi 50 za Afrika, wabunge na wafanyakazi wa mabunge. Wabunge 46 kati ya kila 100 walisema wameshambuliwa mtandaoni kwa sababu ya jinsia yao. Mwanamume akigombea anaambiwa ni mwizi au mjinga. Mwanamke huambiwa amelala na nani. Wasichana wanaosoma komenti hizo hawajaguswa wao wenyewe, lakini wameshajua bei ya kusimama jukwaani, na wengi wao watakaa.

*Kwa kifupi:* maumivu haya ni ya kweli mwilini, hayana kuta wala siku ya mwisho, na aibu humfanya mwathirika akimbie watu walewale ambao wangemsaidia.

"Lakini..."

Pingamizi la kwanza ni kwamba aliyataka mwenyewe: kwa nini alijipiga picha? Wanaosema hivyo wanachanganya mambo mawili, kukosa tahadhari na kukosa haki. Aliyemwamini mpenzi wake alikosea mtu, labda. Aliyeisambaza alichagua kumwangamiza, na kila aliyeisogeza mbele alichagua tena. Sheria zenyewe bado zinayumba hapa. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya Kenya, ilipotungwa mwaka 2018, iliweka hadi miaka 10 jela kwa kumsumbua mtu kwa maneno mtandaoni, lakini miaka 2 tu kwa kusambaza picha yake ya faragha. Sioni uwiano huo ulipimwaje.

La pili ni zito zaidi: tukiipa serikali rungu la kuzuia matusi, italitumia kuwafunga wakosoaji. Hofu hii ina ushahidi. Uganda ilimhukumu msomi Stella Nyanzi miezi 18 mwaka 2019 kwa kosa la kusumbua kwa mtandao, kwa sababu ya shairi kuhusu Rais Museveni. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikafuta kifungu cha mawasiliano ya kuudhi. Nakubaliana na wenye hofu hii, na ndiyo sababu nilianza na vipimo vya Olweus. Rais hana upungufu wa nguvu mbele ya mshairi. Sheria inayomlinda mwenye nguvu dhidi ya maneno ya asiye nayo imegeuzwa kichwa chini, na haiwezi kuitwa sheria dhidi ya uonevu. Tanzania ina kifungu cha uonevu wa mtandaoni tangu sheria yake ya 2015, chenye faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kipimo cha kifungu kama hicho ni kama mwanafunzi wa sekondari anaweza kukitumia.

La tatu husemwa kwa upole: mimi sikuandika chochote, nilitazama tu, au nilisambaza ili haki itendeke. Agosti 2024 video ya msichana akifanyiwa ukatili wa kingono na kundi la wanaume ilienea Tanzania nzima kwa siku chache. Hasira ya umma ilikuwa ya haki, na Septemba 30 mahakama jijini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Lakini hasira ilihitaji habari, haikuhitaji video. Polisi wangefikiwa kwa nakala moja. Kila nakala ya ziada ilifanya kazi ambayo waliorekodi walikusudia video yao iifanye, na ilifanywa na mikono ya wenye huruma.

Kazi ya anayetazama

Kama hadhira ndiyo uzito wa jeraha, basi hadhira ina uwezo ambao polisi hawana. Nchini Kanada, watafiti waliorekodi watoto wakiwa uwanjani shuleni waligundua kwamba wenzao walikuwepo karibu kila uonevu ulipotokea, lakini waliingilia mara chache, chini ya mara moja kwa kila tano. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya nyakati uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Finland ilijenga juu ya ugunduzi wa namna hiyo mpango wa shule uitwao KiVa, ulioenezwa nchi nzima kuanzia 2009, ambao nguvu yake kubwa huielekeza kwa wanaotazama.

Mtandaoni, kuingilia hakuna maana ya kupigana na watukanaji. Kila jibu la hasira huipandisha komenti yao juu. Yanayofaa ni madogo na yanawezekana leo. Admini wa grupu afute picha na kumwambia aliyeituma, mbele ya wote, kwamba haitarudi. Mwenye kupokea asisogeze mbele, hata kwa mtu mmoja "wa siri". Aripoti kwenye mtandao husika. Aandike kwa aliyeshambuliwa, faraghani, hata mstari mmoja, kwa sababu yeye anahesabu walionyamaza na kuwaweka wote upande wa pili. Ahifadhi skrinishoti za vitisho zenye tarehe, maana mahakamani ndizo zitakazosema. Picha za uchi zenyewe asizihifadhi. Kwa picha hizo kuna huduma ya StopNCII kwa watu wazima na Take It Down kwa walio chini ya miaka 18. Huchukua alama ya kidijitali ya picha, yaani namba ndefu inayoitambulisha, bila picha yenyewe kutoka kwenye simu ya mhusika, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuizuia isipandishwe.

Mzazi ana jambo moja la ziada. Watoto wengi hawasemi kwa kuogopa kwamba simu itachukuliwa, na mzazi anayeanza na "nilikwambia" anawathibitishia kwamba walikuwa sahihi kunyamaza. Akiambiwa, aketi, asome alichoonyeshwa mpaka mwisho bila kufoka, aulize nani mwingine ameona, kisha waamue pamoja nani aambiwe shuleni. Akishindwa pa kuanzia, namba 116 inapigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda, na anayepokea amefunzwa kuzungumza na mtoto.